Gorogoro ni Kilo Mbili

Jumanne, 11 Februari

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja tu. Ushahidi. Kuna jambo linapikwa hapa Kabati, na siku likiiva nataka tarehe zote ziwe zimeandikwa.

Leo jioni Kaveke alipita kibandani kwangu akitoka shule, mkononi rula. Kaveke ni mtoto wa marehemu dada yangu. Yuko kidato cha pili na anakaa kwangu. Akaomba nimpimie gorogoro moja ya mahindi. Nikapima ninavyopima siku zote: mkebe umejaa, na juu yake kilele, kile kilele kinachomfanya mteja aulize habari za watoto. Akashika rula, akakifyeka! Kilele chote kikarudi ndani ya gunia. Akasema Mwalimu Kilonzo wa sayansi anataka nafaka iwe sawasawa na mdomo wa mkebe, kwa sababu kilele cha Muindi, yaani mimi, si kilele cha Mwau.

Hapo nikasimamisha masikio. Mwau anauza nafaka kibanda kinachotazamana na changu. Nani alimtaja?

Kumbe ni mradi. Kaveke anageuza gorogoro kuwa kilo na gramu, nafaka moja moja, halafu atachora jedwali libandikwe sokoni. Nikamwambia atamaliza karatasi bure. Gorogoro ni kilo mbili. Mkebe wenyewe ulikuja na mafuta ya kupikia, na ubavuni uliandikwa kilo mbili, kwa hivyo chochote utakachotia humo ni kilo mbili. Mimi niliacha shule darasa la sita kwa hiari yangu, nikawa utingo wa lori mpaka Juba. Nimeona mizigo. Siwezi kufundishwa uzito na rula.

Kaveke akasema, haya anko, tutaona.

Mwau alikuwa anasikiliza. Alikuwa anatabasamu. Mwau huwa hatabasamu bure.

Lakini lazima huyu mtoto nimsaidie. Mashindano ya kaunti ni Jumatano ya wiki ijayo, Kitui mjini. Wawili wa kwanza wanaenda ya kanda, mji wa Wote, kule Makueni. Mwaka jana alikuwa na mche wa maharagwe ndani ya chupa, mradi mzuri ajabu, na asubuhi ya mashindano mbuzi wangu akaula. Mche, lebo, na kamba ya lebo. Kaveke hakulia. Alisema tu, sawa anko. Hiyo "sawa" imenikaa kifuani mwaka mzima. Mwaka huu atafika Wote, hata kama ni mimi nitamsukuma.

Jumatano, 12 Februari

Tumeenda kupima dukani kwa Abdulkadir. Ana mzani ule wa kisasa wenye namba za kuwaka. Huwa anapimia mchele na sukari, na watu wanamwamini kwa sababu ni mpole. Mimi upole huniwasha.

Kaveke akaweka mkebe mtupu juu ya mzani. Namba zikaja. Abdulkadir akabonyeza kitufe. Namba zikaenda sifuri! Mkebe uko pale pale, wa chuma, nimeushika kwa mikono hii, na mzani unasema hakuna kitu. Nikapiga kelele. Abdulkadir akasema, tulia Mzee Muindi, huo ni uzito wa mkebe tu, unatolewa. Nikamuuliza unatolewa unapelekwa wapi. Alimwangalia Kaveke, Kaveke akaangalia sakafu. Wameshaelewana hao.

Sasa matokeo. Mahindi, gramu 1,820. Ndengu, 2,050. Mbaazi, 1,930. Alizeti, 1,020.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Mkebe mmoja, vipimo vinne! Na hakuna hata kimoja kilicho kilo mbili kamili! Nikachukua pakiti ya unga kwenye rafu, ile ya kilo mbili, nikaitupa juu ya mzani ghafla kabla haujajipanga. Ukasema gramu 2,010.

Kwa hivyo mzani unasema kweli kwa unga na kudanganya kwa nafaka. Huo ni ujanja wa hali ya juu. Hata Juba sikuona kitu kama hicho.

Kaveke akaandika namba zote bila kutikisika. Akasema ndivyo alivyotarajia. Maskini! Anatarajia kushindwa tayari.

Ijumaa, 14 Februari

Hali inazidi kuwa mbaya.

Leo Kaveke alipima mkebe kwa maji. Alileta silinda ya kupimia kutoka maabara ya shule, akajaza, akamimina, akajaza, akamimina. Akasema ni lita mbili nukta nne. Mpaka hapo sikuwa na neno. Halafu akaandika mililita 2,400. Nikamwambia afute. Mkebe mmoja utakuwaje elfu mbili na mia nne? Akasema ni kitu kile kile, amegeuza tu. Nikasema hivyo ndivyo wanavyosema wote wanaogeuza.

Kisha akagawanya gramu kwa mililita kwenye kalkuleta. Mahindi sifuri nukta saba tano nane. Alizeti sifuri nukta nne mbili tano. Kila nafaka inaanza na sifuri! Mimi katika maisha yangu ya shule nilipata sifuri mara nyingi na najua inaelekea wapi. Ukimpelekea jaji karatasi yenye sifuri nne, yeye anafanya nini? Anakuongezea ya tano.

Nilimweleza mke wangu Nzilani jikoni. Akasema, Baba Ben, mtoto anajua anachofanya, wewe lete kuni. Nikaleta kuni. Lakini kwa nini alitaka nitoke jikoni haraka vile?

Halafu jambo moja likanijia nikiwa na kuni mkononi, karibu niziangushe. Mimi siuzi alizeti! Zile alizeti zilitoka kwa nani? Nikamuuliza Kaveke. Akasema alipewa na Mwau, tena bure, tena kwa moyo mmoja.

Asi! Mwau hata chumvi hawezi kukupa kwa moyo mmoja. Amempa mtoto alizeti nyepesi makusudi, ili nafaka zitofautiane, ili jedwali lionekane la kichaa, ili familia yangu ichekwe Kitui nzima. Yote yamekaa wazi sasa.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefanya uchunguzi. Nilikuwa naenda Kanyangi kuchukua ndengu kwa wakulima, nikaingia kwa mama mmoja anayeuza alizeti. Hanijui, simjui. Nikapima gorogoro moja, nikafyeka kilele kwa kiganja, nikaning'iniza kwenye mzani wake wa ndoano. Kilo moja na kidogo cha ziada.

Mwau amefika mpaka Kanyangi.

Nilimkazia macho yule mama. Nikamuuliza anapata nini kwa kazi hiyo. Akaniuliza kama nanunua ama nanunulia mtu mwingine hasira. Nikaondoka. Hao wamefundishwa wasiseme.

Nikiwa juu ya pikipiki kurudi, magunia mawili ya ndengu nyuma yangu, nikapata mpango. Mpango safi, wa mtu aliyetembea. Kama dunia nzima imekula njama nafaka zisifike kilo mbili, basi mimi nitazifikisha.

Jumapili, 16 Februari

Nimefaulu!

Kaveke ameweka nafaka zake ndani ya ndoo ndogo nne zilizokuwa za rangi, ameziosha, zina vifuniko vya kubana. Kila ndoo ina gorogoro moja, lebo na namba yake. Ziko tayari kwa Jumatano. Leo yeye na Nzilani walikuwa kanisani, kwaya ina wimbo mpya. Mimi nilikaa mpaka matangazo, nikashika tumbo, nikatoka nimejikunja. Kwenye lango nikajinyoosha.

Kwa Abdulkadir Jumapili ni siku ya kazi. Nikafika na ndoo nne kwenye toroli. Nikamwomba mzani na nikamwomba asiulize kitu. Akabonyeza kile kitufe chake cha wizi na akaanza kuuliza.

Ndengu zilizidi gramu hamsini. Nikatoa konzi, wakala kuku wa Abdulkadir. Kilo mbili kamili! Mbaazi zilipungua sabini. Nikatafuta nati ya lori iliyokuwa mfukoni tangu enzi zangu za utingo, nikaizamisha katikati, nikatoa mbegu mbili tatu. Kilo mbili!

Mahindi yalipungua mia moja na themanini. Hapo nikafikiri kisayansi. Mahindi ni kitu cha kunywa maji. Nikaomba kikombe cha chai, nikajaza maji, nikayanywesha polepole mpaka namba ikakaa. Abdulkadir akasema, Mzee Muindi, hayo mahindi yataharibika. Nikamwambia ni sayansi. Akasema, haya, sayansi, lakini hapo sakafuni utapangusa. Nikapangusa.

Alizeti ndizo zilinitoa jasho. Zilipungua karibu kilo nzima! Nikaenda kando ya barabara nikachota kokoto. Bado. Nikaongeza kokoto, ndoo ikakaribia kujaa. Bado gramu mia mbili na kitu. Nikajipapasa mifuko yote. Kufuli la kibanda! Likaingia. Namba ikaruka, ikatulia: 2,000. Nilitaka kumkumbatia Abdulkadir, nikakumbuka simwamini.

Nikabadilisha lebo zote kwa kalamu. 2,000, 2,000, 2,000, 2,000. Zilivyopendeza! Zinapangana kama meno ya mtu tajiri. Lile bango kubwa la jedwali sikuligusa, limeandikwa kwa wino usiofutika, lakini majaji ni watu wazima, watasoma ndoo.

Nilifika nyumbani kabla ya kwaya kutawanyika. Nzilani akauliza tumbo. Nikasema limekaa sawa, kilo mbili. Akaniangalia sana.

Jumanne, 18 Februari

Tangu jana nakaa kibandani mchana kutwa bila hata kwenda kujisaidia, kwa sababu sina kufuli. Jioni nafunga kwa kamba ya katani mafundo tisa. Mwau akaniuliza, wee Muindi, kufuli lako liko wapi? Swali hilo lina maana gani? Mtu mwema anaangalia kufuli la mwenzake?

Nyumbani kuna harufu. Kaveke alinusa chumbani kwake akasema kuna kitu kimeoza. Nikasema ni soksi zangu. Nzilani akasema mimi sina soksi. Nikaenda kununua soksi.

Kaveke hajafungua ndoo. Anasema alishazipima, hataki kuzigusa tena mpaka mbele ya majaji. Akili nyingi, huyu mtoto. Amenirithi mimi.

Jumatano, 19 Februari

Naandika yote. Hata yale yanayouma.

Nilivaa koti langu la Juba. Ukumbi ulikuwa umejaa watoto na mabango. Kaveke alisimama mezani kwake na Mwalimu Kilonzo akakaa pembeni, akitikisa goti. Mimi nilijiweka nyuma, mahali pa kuona kila mtu.

Jaji alikuwa mama mmoja wa miwani ya kamba, mtu wa kuuliza polepole. Kaveke alieleza vizuri. Mkebe ni kipimo cha nafasi, kilo ni kipimo cha uzito, kila nafaka inajaza nafasi kwa namna yake, kwa hivyo gorogoro haiwezi kuwa kilo mbili kwa vitu vyote. Nilitaka kukohoa lakini nikajizuia. Mama wa miwani akaangalia bango, akaangalia ndoo. Akauliza kwa nini bango linasema 1,820 na ndoo inasema 2,000. Kaveke akainama kusoma lebo.

Jaji akasema apime hapo hapo.

Kaveke akafungua ndoo ya mahindi. Harufu ikafika mpaka kwangu! Mahindi yalikuwa yameota mikia midogo myeupe. Watoto wa shule nyingine wakaziba pua. Mmoja akauliza kama ni mradi wa sayansi ama ni wa pombe. Kaveke akafungua ndengu, akazimimina kwenye mkebe, hazikufika mdomo. Akamimina mbaazi, nati ikaanguka, ikaviringika ukumbi mzima, watu wakaipisha. Akashika ndoo ya alizeti. Moyoni nikasema, hiyo usifungue, mwanangu. Akafungua. Akamimina.

Sauti ile! Kokoto juu ya meza! Na mwisho kabisa, puu, kufuli.

Mwalimu Kilonzo akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikaona Kaveke anaangalia mlango. Safari ya Wote ilikuwa inaondoka, niliiona kwa macho yangu ikiondoka. Nikaruka juu ya kiti. Nikapiga kelele: Hujuma! Huyu mtoto amehujumiwa! Kuna mtu anaitwa Mwau!

Jaji akainua kufuli, akaligeuza, akasoma maandishi ya rangi nyeupe niliyoyaandika mwenyewe ili lisiibwe. Akauliza ukumbi wote, Muindi wa Kabati ni nani?

Nikiwa bado juu ya kiti, nikainua mkono.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kaveke peke yake hakucheka. Aliniangalia, mimi na mkono wangu juu. Halafu akavuta pumzi, akamwambia jaji anaomba dakika tano.

Akapima mahindi yaliyooza. Gramu 2,000. Akatoa 1,820. Akasema zimeingia gramu mia moja na themanini za maji, na kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja, hayo ni maji ya mililita mia moja na themanini. Jaji akanigeukia, akaniuliza nilitia kiasi gani. Nikasema, kikombe cha chai, kisichojaa sana. Wakaleta kikombe, wakamimina kwenye silinda. Mia moja na themanini na tano!

Akaja kwa alizeti. Akasema ndoo ya alizeti peke yake haiwezi kuwa na uzito huu hata ujaze mpaka kifuniko, kwa hivyo hata bila kufungua angejua kuna mawe. Akasema hiyo ndiyo kazi ya jedwali lake: mama akinunua sokoni, apime mkebe, asome namba, ajue kama amebebeshwa maji ama kokoto. Mama wa miwani aliandika kwa muda mrefu, akageuza karatasi, akaendelea kuandika.

Nafasi ya pili. Kaveke anaenda Wote!

Nilitaka kumbeba mabegani. Mwalimu Kilonzo aliniomba kwa heshima nisimkaribie yeye.

Alhamisi, 20 Februari

Kaveke amenirudishia kufuli, amelipangusa vizuri. Tukaketi nje. Akasema, anko, najua ulitaka kunisaidia. Akasema ile dakika kokoto zilipomwagika alitaka kukimbia asirudi shule tena. Akaniona juu ya kiti, nimeinua mkono mbele ya kaunti nzima, na mtu angeweza kukaa kimya. Akasema akaona, kama anko hakukimbia, basi na yeye hakimbii.

Macho yangu yaliingia vumbi. Kabati ina vumbi sana mwezi huu.

Halafu akaniomba niape sitagusa ndoo zake tena. Nikainua mkono, nikaapa mbele ya Nzilani. Nzilani akaniapisha mara ya pili, polepole, akitaja ndoo moja moja.

Mwau amekuja kupongeza. Amesema kweli mtoto ana kichwa. Amemwahidi alizeti nyingine za Wote. Nimemshukuru na nimeandika saa aliyokuja.

Nikitafakari kwa kina, bila maji yangu na kokoto zangu Kaveke angesoma namba tu na watu wangelala. Huu mradi una waandishi wawili. Sisemi kwa majivuno. Nasema ili iwekwe kwenye kumbukumbu.

Jumapili, 23 Februari

Ya kanda ni Ijumaa. Siku hizi silali vizuri nikifikiria watu wa Makueni. Wale wa Kilungu wamezoea kupima matunda kwa ndoo na kreti, gorogoro wanaijulia wapi? Wataangalia mahindi yetu ya gramu 1,820 watasema sisi wa Kitui tunapunja. Aibu ya kaunti nzima, juu ya kichwa cha mtoto mmoja.

Nimewaza tangu Alhamisi. Leo, kwaya ikiwa katikati ya wimbo, nimepata jibu, tumbo likaniuma ghafla, nikatoka. Kosa langu la kwanza lilikuwa kushughulika na nafaka. Nafaka haina neno. Mwenye makosa ni mkebe. Ni mdogo! Mahindi yangefika kilo mbili kama yangepewa nafasi.

Nimechukua mkebe wa Kaveke na nyundo ya mwanangu Ben. Nimeugonga kitako kutoka ndani, taratibu, nikizunguka, mpaka ukatoka tumbo kama mama wa miezi saba. Nimeupima kwa mahindi kwa Abdulkadir. Gramu 1,990! Abdulkadir akaniletea tambara la sakafu kabla sijamwaga kitu.

Alizeti bado zinasumbua, lakini nyundo ipo na siku zipo.

Kaveke ameuona mkebe mezani jioni akauliza mbona unayumba. Nimeuwekea kijiti chini, sasa umesimama. Ndoo sijagusa hata moja. Mimi nikiapa, nimeapa.